Safu ya Mwisho Juu ya Mlango

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Safu ya tano imepanda upande wa magharibi. Masudi anashika mwisho mmoja wa ubao, mimi nashika mwingine, na misumari iko mdomoni mwangu. Kwa hiyo tangu asubuhi yeye ndiye anayesema peke yake. Amefurahi sana.

Mbao hizi si mbao. Ni simenti iliyochanganywa na nyuzi, ikabanwa ikawa nyembamba kuliko kidole. Tulizipigilia kwenye nyumba za Wazungu wa mgodi, huko Salamabila, mwaka mzima. Kazi ilipokwisha zikabaki nyingi zilizomeguka pembe. Msimamizi akasema nichukue. Nilianza kupakia kabla hajafunga mdomo. Hapa Kasongo watu wanaziita mbao za mawe. Mtaa mzima hakuna nyumba nyingine yenye kuta hizi. Naandika hivi na ninajiona. Basi nijione.

Niko konji, likizo ya kazi, hadi katikati ya Septemba. Harusi ni tarehe mosi. Kwa akina Filomena, mchumba wangu, kule Kabambare, bibi harusi halali katika nyumba ambayo kuta zake hazijafungwa. Shangazi yake alilisema hilo mbele ya watu wote siku ya mahari, na alinitazama mimi, hakumtazama mama yangu. Ikibaki wazi hata kwa upana wa mkono, alisema, binti anarudi kwao mpaka ifungwe. Nimemngoja Filomena miaka miwili. Sitaki kungoja wa tatu kwa sababu ya tundu.

Jumanne, 7 Agosti

Magharibi imekwisha. Nilirudi nyuma hadi kwenye migomba ya mama nikaangalia. Kila ubao umelalia wa chini yake kwa vidole vitatu, toka chini mpaka kwenye bati. Hakuna uliopinda. Nikaenda kunywa maji, nikarudi kuangalia tena. Masudi akauliza kama naogopa nyumba itakimbia.

Alhamisi, 9 Agosti

Upande wa kaskazini. Mgumu, una madirisha mawili. Kila ubao unaofika dirishani unataka kipimo chake. Nakwaruza mstari kwa ncha ya chuma, nakwaruza tena, nauweka kwenye ukingo wa meza, nauvunja. Ukikwaruza kwa subira, unavunjika unapotaka wewe. Ukikwaruza kwa haraka, unavunjika unapotaka wenyewe.

Na kabla ya msumari, keekee. Lazima utoboe kwanza. Ukipiga msumari bila tundu karibu na ukingo, ubao unapasuka. Masudi anaona hii ni kuchezea siku za Mungu.

Vumbi lake jeupe linakaa kooni. Mama ametupa vitambaa tufunge puani. Masudi akifunga chake anafanana na mwizi wa kuku. Nilicheka hadi ikabidi nishuke ngazi.

Yeye ni mwashi. Jirani yetu tangu utoto, Mwislamu wa mjini, baba yake mwashi, babu yake mwashi. Hataki kukubali kwamba ukuta unaweza kusimama bila tope. Kila jioni anagonga mbao kwa kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa. Leo amesema kwa sauti, barabara nzima isikie: "Leonardi, weye unajenga nyumba ao unapanga masahani?" Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani wamecheka hadi maji yamewamwagikia. Mimi pia nimecheka. Lakini baadaye.

Jumamosi, 11 Agosti

Gabrieli, dereva wa lori la pamba, amepita akitoka Kabambare. Ana neno la Shangazi: wanawake waje kukandika siku gani?

Ndiyo desturi yao. Wanawake wa ukoo wa binti wanakuja wenyewe kukandika nyumba atakayolala, kwa mikono mitupu. Bibi harusi haji, anabaki kwao.

Nilikuwa juu ya ngazi. Nikajibu palepale, bila kushuka: mwambie Shangazi nyumba yangu haihitaji udongo, wasichafue mikono, waje siku ya harusi kula tu. Nilidhani nimewapa zawadi. Gabrieli akauliza kama aliseme hivyohivyo. Hivyohivyo, nikamwambia. Akakuna shingo, akaenda.

Safu mbili zaidi kaskazini.

Jumapili, 12 Agosti

Misa. Baada ya misa watu wanne walikuja kuangalia nyumba, na mmoja hatusalimiani tangu mwaka jana. Siku nzuri.

Mchana nilimwambia mama habari ya Shangazi na jibu langu. Akaweka mwiko chini. Akanipakulia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, bila samaki. Samaki wa Nyangwe alikuwepo. Nilimwona. Sijui kosa langu ni nini.

Jumatano, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Hakuna nyundo. Padri alisema wazi kanisani, hata msumari mmoja, na akaniangalia mimi.

Basi nikaweka kiti mbele ya nyumba nikaketi mchana kutwa. Kaskazini imekwisha, mashariki imekwisha tangu jana. Umebaki ukuta wa mbele, chini ya baraza. Mbao zilizobaki zinatosha, nimezipanga chini na kuzihesabu kwa macho. Nikafumba macho, nikapigilia ukuta wote wa mbele kichwani mwangu. Hiyo si dhambi.

Nimefurahi. Sina neno lingine la kuongeza.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimejiharibia mwenyewe.

Ukuta wa mbele ulipanda vizuri hadi adhuhuri. Ikabaki safu ya mwisho juu ya mlango, na ubao wa mwisho mzima. Mmoja tu. Masudi alikuwa msikitini. Nikaamua kumngoja, maana alishika kila ubao tangu mwanzo, ni haki yake ashike na huu.

Akarudi na kundi la watu aliosali nao. Akawaonyesha nyumba ya masahani. Akawaeleza keekee yangu, jinsi ninavyobembeleza kila tundu kama ninapasua jipu la mtoto. Wakacheka. Damu ikanipanda. Nikasema sasa mtaona. Nikaweka msumari ukingoni, bila keekee, nikapiga mara moja kwa nguvu zangu zote.

Ulipasuka toka juu hadi chini. Kipande kimoja kikaanguka kwenye baraza kikavunjika vipande vitatu.

Wengine walicheka. Masudi hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumamosi, 18 Agosti

Nimepekua mabaki yote. Vifupi, havifiki toka nguzo moja ya ukuta hadi nyingine. Juu ya mlango pako wazi, giza la chumba linaonekana. Nikaweka kiganja. Upana wa mkono mmoja. Kama vile Shangazi alipima kutoka Kabambare.

Masudi akasema nimpe tope kidogo tu, apazibe kabla chai haijapoa. Nikamwambia tope haligusi ukuta wangu. Nilisema kwa ukali. Akainua mikono yote miwili akaenda zake.

Nimempa Gabrieli neno kwa msimamizi wa Salamabila: anitafutie ubao mmoja. Mmoja tu, hata wenye pembe mbaya.

Jumatano, 22 Agosti

Gabrieli amerudi. Ubao hakuna. Labda Septemba, shehena nyingine ikija. Labda.

Nikamuuliza Shangazi alijibu nini lile neno langu la kwanza. Akatazama magurudumu yake. "Alisikia," akasema. Basi.

Alisikia. Sijapata kuogopa neno moja hivi.

Alhamisi, 23 Agosti

Mama amefungua mdomo leo. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mutoto yangu, weye ulikatala mikono yao. Kila mumoja anakuja na udongo wa uwanja ya baba ya Filomena, wanachanganya na udongo ya hapa. Ni vile binti anahama. Sasa weye unawaambia wakuje kula tu. Kwani wao iko wageni?"

Sikujua. Siku ya mahari hakuna aliyenieleza habari ya udongo wa uwanja. Au walieleza na mimi nilikuwa nawaza madirisha. Inawezekana.

Niliona aibu hadi masikioni. Nikamuuliza mama nifanye nini. Akasema niende Kabambare, niombe msamaha, na nisirudi kabla ya Jumatatu. Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu mtu anayeomba msamaha halali usiku mmoja akakimbia, akasema. Nikaona anasema kweli.

Ijumaa, 24 Agosti

Shati limepigwa pasi. Gabrieli anatoka kesho alfajiri. Sijala vizuri. Nyumba wazi na shangazi aliyekasirika, siku nane kabla ya harusi. Na mimi ndiye niliyefanya yote mawili.

Jumamosi, 25 Agosti, Kabambare

Niandike kwa taratibu, maana bado nashangaa.

Tuliondoka giza. Gabrieli alipiga mluzi njia nzima. Kila nilipomuuliza kwa nini amefurahi anasema pamba mwaka huu ni nzuri. Baada ya daraja tukapishana na lori jingine linaloelekea Kasongo. Vumbi tupu, sikuona mtu. Nilisikia wanawake wengi wanaimba. Nikasema moyoni, wana bahati hao, wanakwenda harusini.

Tulifika alasiri. Uwanja wa akina Filomena umefagiwa, kimya. Hakuna Shangazi. Hakuna mama mkwe. Jiko baridi. Baba mkwe pekee yupo, anasuka kamba, akanipa kiti na kunisalimu kama vile nimetoka sokoni. Kwenye kona ya uwanja udongo umechimbwa, shimo la ukubwa wa kikapu.

Nikaanza hotuba yangu ya msamaha. Niliitunga njiani. Filomena akatoka nyuma ya nyumba ameshika tumbo kwa kucheka.

"Leonardi, unamuomba nani? Shangazi ameenda kwako! Wamama wote wameenda! Mama yako alituma neno na Gabrieli, akamuambia Shangazi: mutoto yangu anajua nyundo, hajui watu. Wakuje, mimi nitamuondosha."

Mama yangu. Amenifukuza nyumbani kwangu kwa shati lililopigwa pasi.

Nilicheka. Kweli nilicheka sana, hata baba mkwe alicheka. Shangazi hana hasira tena! Kisha nikakumbuka wanawake kumi na zaidi, shimo la udongo, na kuta zangu. Nikauliza lori la kurudi linatoka lini.

Jumapili, 26 Agosti, Kabambare

Lori hakuna. Nimekula kuku. Nimekaa na Filomena barazani mbele ya baba yake, mwendo wa mkeka mmoja kati yetu. Ametaka nimweleze nyumba. Nikamweleza mistari, nikachora kwa kijiti chini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza jiko litakuwa upande gani. Sikuwa nimefikiria jiko.

Akasema jibu langu kwa Shangazi lilikuwa la mtu wa kampuni ya mgodi. Hakusema kwa hasira. Nampenda mno huyu mwanamke, inanitisha.

Jumatatu, 27 Agosti

Kasongo, alasiri. Kutoka barabarani sikuiona nyumba yangu. Niliona kichuguu chenye madirisha.

Kuta zote. Toka chini hadi kwenye bati, pande zote nne, udongo mwekundu, umelainishwa kwa viganja. Hakuna mstari hata mmoja. Wanawake wamesimama mbele, mikono myekundu hadi viwikoni, wakaniona wakapiga vigelegele. Mama katikati yao, mwekundu kuliko wote.

Shangazi akaja akanishika mikono yote miwili, tope likapita hadi kwenye shati. Uso wake uling'aa.

"Mukwe, pole sana. Ile ukuta yako ilikuwa na nyufa toka chini mupaka juu! Safu kwa safu! Nilisema mutoto yetu hawezi kulala mu nyufa. Tumeziba zote, hata moja haikubakia."

Nyufa. Malalio yangu. Vidole vitatu kila safu, kwa kamba na pimamaji, wiki mbili nzima. Waliyaona ni nyufa, wakanihurumia, wakafanya kazi siku mbili juani.

Nilisema asante. Nilisema mara nyingi. Kisha nikaenda nyuma ya jiko la mama nikapiga teke ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Kidole kimevimba.

Nina hasira. Nina hasira kwa watu walionifanyia wema, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Kesho nitaosha. Wakasirike. Nitaosha.

Jumanne, 28 Agosti

Niliamka kabla yao. Wamelala kwa mama, watabaki hadi harusi. Nikachukua ndoo na brashi. Nikaanza na ukuta wa mbele, mlangoni, maana ndio unaoonekana zaidi. Nikachovya brashi. Nikainua mkono.

Juu ya mlango hapakuwa wazi tena.

Nilikuwa nimesahau kabisa lile tundu. Kwa hasira zote za jana sikulikumbuka hata mara moja. Walisuka fito, wakazifunga kwa kamba, wakajaza udongo kutoka ndani na nje, wakaubana. Alama za vidole bado zipo, vinene na vyembamba. Nikasukuma kwa nguvu. Haukutikisika. Nyumba imefungwa. Filomena harudi kwao.

Nilisimama pale na brashi inadondosha maji kwenye mguu wangu wenye kidole kibaya. Kisha nikamwaga ndoo kwenye migomba.

Nilipogeuka, Shangazi alikuwa kwenye mlango wa mama, ameshika mswaki, ananitazama. Sijui alianza kunitazama saa ngapi. Tukanywa uji pamoja.

Mistari ipo chini ya udongo. Mimi naijua. Inatosha. Hapana, haitoshi, lakini nimeamua.

Masudi amekuja jioni. Tumepatana bila maneno, amenigonga bega nami nikamgonga. Akakagua kazi ya wanawake kama mwashi, ukuta kwa ukuta, akisifu kwa sauti kubwa. Kisha akaninong'oneza kwamba udongo hauna pa kushika kwenye simenti laini namna ile. Pale juu ya mlango tu ndipo umeshika fito. Nikamwambia afunge mdomo wake.

Ijumaa, 31 Agosti

Filomena amefika na baba yake na ndugu zake. Ameiona nyumba. Akafunika mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, amekumbuka michoro yangu ya kijiti.

Joto. Mawingu upande wa Kabambare, meusi. Mapema mno kwa mvua. Mama anasema si mapema.

Jumapili, 2 Septemba

Jana sikuandika. Nilikuwa naoa.

Kanisani nilijibu "ndiyo" kabla Padri hajamaliza kuuliza. Watu wamenicheka hadi leo. Sijali.

Karamu ilikuwa mbele ya nyumba. Wali, mbuzi wawili, samaki wa Nyangwe, na safari hii nilipewa. Ngoma imeanza, Filomena kakaa pembeni yangu na gauni jeupe, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, ya kutabasamu hata kwa mbwa. Kisha upepo. Kisha tone moja kwenye sinia ya wali. Kisha mvua yote kwa mara moja.

Tukakimbilia barazani, watu wote, na sinia na ngoma na mbuzi wa tatu aliyesalimika. Tukabanana. Na kutoka pale, kwenye pembe ya nyumba, tukaona udongo unaanza kushuka.

Ulishuka kwa mafungu. Ukateleza kwenye mbao kama ganda la yai lililochemshwa. Maji mekundu uwanjani. Ikatokea safu ya juu kabisa, kijivu, safi, imenyooka. Ikatokea ya pili. Ngoma ikanyamaza. Kila mtu anajua ile ni kazi ya nani. Wanawake wa Kabambare wakasimama wanaangalia siku zao mbili zinakwenda mtaroni.

Mistari yangu inarudi, na mimi namwomba Mungu mvua ikome. Naapa niliomba hivyo. Nilishika mkono wa Filomena, ulikuwa baridi. Sikuthubutu kumtazama Shangazi.

Shangazi akapenya katikati ya watu. Akatoka kwenye mvua, na kitambaa chake kipya kichwani. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa kaskazini. Akaangalia maji yanavyotoka ubao hadi ubao, yanaanguka nje, hayaingii. Akaingia ndani, akapapasa ukuta kwa ndani. Pakavu. Akatoka tena, akanigeukia.

"Haikuwa nyufa," akasema.

"Hapana, Shangazi."

"Na weye ulijua. Siku ile na ndoo."

Nikainamisha kichwa. Nikamsikia anacheka. Akawageukia wenzake, akapaza sauti kupita mvua: "Munashangaa nini? Bibi harusi anapakwa, halafu anaogeshwa! Nyumba imepakwa. Sasa muje tuiogeshe!"

Sijui niandike vipi yaliyofuata. Walitoka wote. Na nguo zao za harusi. Walikwenda kwa ndoo, kwa majani ya migomba, kwa mikono, wakasugua kuta pande zote wakiimba, na mvua inawapiga. Mama alitoka. Filomena alitoka, na gauni jeupe likawa jekundu hadi magotini, akacheka na kinywa wazi. Masudi alipandisha kanzu yake akasugua upande wa magharibi, akiniambia kwa kelele kwamba masahani lazima yaoshwe. Mimi nilisugua na kulia. Mvua ilinificha.

Ukuta wa barazani mvua haikuufikia, kwa hiyo Shangazi aliuosha kwa ndoo, yeye mwenyewe. Mmoja wa wanawake akapanda kiti na kitambaa kuosha juu ya mlango. Shangazi akampiga mkono.

"Pale, hapana."

Kisha tukala wali uliobaki. Ulikuwa na maji. Sijala wali mtamu kama ule.

Jumatano, 12 Septemba

Gabrieli amepita asubuhi. Ameleta ubao kutoka Salamabila. Mzima, pembe zote nne nzuri. Msimamizi hakunisahau.

Nikauweka begani nikaupeleka barazani. Nikaleta ngazi, keekee, misumari. Nikapanda. Unaingia barabara, kama umekatwa kwa ajili ya pale. Ningebandua ule udongo kwa patasi, safu ya mwisho ingekaa, na mbele ya nyumba pangekamilika.

Udongo umekauka. Umekuwa na rangi ya ngozi ya mtu. Kidole kimoja kimeacha alama ndefu kuliko vingine, nadhani ni cha mama.

Filomena alikuwa uwanjani anaosha sufuria. Alikuwa anaziweka juu ya majani, zinapata mchanga, anaziosha tena.

Nikashuka. Nikakata miti minne, nikaichimbia nyuma ya nyumba, upande aliotaka jiko liwe. Nikalaza ubao juu yake, kikawa kichanja cha vyombo. Nilitoboa kwa keekee kabla ya kila msumari. Sufuria zake ziko pale sasa, zimefudikizwa, zinakauka.

Jumatatu narudi kazini.